Tasnifu za Mpakani Zifunguliwe

Sehemu kubwa ya yale yaliyochunguzwa kwa karibu kuhusu maisha ya Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda imeandikwa na watu wasio na majina makubwa, yaani wanafunzi wa vyuo vikuu waliokuwa wakitafuta shahada, na karibu yote imelala mahali ambapo mfanyabiashara, mwandishi wa habari, ofisa wa wilaya au hata mwanafunzi wa chuo jirani hawezi kuifikia bila kupanda basi, kuomba kibali na kumbembeleza mkutubi. Mjini Gisenyi, ambako chuo kikuu cha ULK na chuo cha utalii na biashara cha UTB vimekuwa na kampasi, na ng'ambo ya mpaka mjini Goma, Kongo, penye Chuo Kikuu cha Goma, chuo kikuu cha ULPGL kilichoanzishwa mwaka 1985 na taasisi nyingine kadhaa za elimu ya juu, vizazi vya wanafunzi vimejifunza utafiti kwa kuuchunguza mpaka wenyewe: akina mama wanaovuka kivuko cha mpakani cha Petite Barrière na mabeseni ya mboga vichwani, mikopo ya vikundi vya akiba, hoteli za ufukweni, bei ya samaki aina ya sambaza sokoni. Kazi hizo zikishatetewa mbele ya jopo hufungwa jalada gumu lenye herufi za dhahabu, hupewa namba ya rafu, na safari yake huishia hapo.

Tasnifu hizo zinapaswa kuwekwa mtandaoni zisomwe bure, na kinachozuia jambo hilo lisifanyike si uhaba wa mashine, kama inavyodaiwa kila mara mada hii inapoletwa kwenye vikao, bali ni kukosekana kwa kanuni moja ya kiutawala, nayo ni kwamba mwanafunzi asihitimu mpaka faili la kazi yake liwe limekabidhiwa maktabani na kuthibitishwa kuwa linafunguka. Kanuni hiyo haina gharama ya kutisha, haihitaji mfadhili, na inaweza kuanza kutumika katika mahafali yajayo.

Tasnifu, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni andiko la utafiti ambalo mwanafunzi huliwasilisha na kulitetea ili atunukiwe shahada, liwe la shahada ya kwanza, ambalo Gisenyi na Goma wengi bado huliita memwari, liwe la uzamili au la uzamivu. Kuliweka katika mfumo wa kidijitali ni kuligeuza kutoka karatasi kuwa faili linalosomeka kwa kompyuta au simu na ambalo maneno yake yanaweza kutafutwa. Ufikiaji huria, dhana iliyopewa maelezo yake yanayojulikana zaidi katika tamko la Budapest la Februari 2002, ni hali ya andiko la kitaaluma kupatikana mtandaoni bila malipo wala nywila, huku mwandishi akibaki na haki ya kutajwa na ya kazi yake kutopotoshwa. Mahali yanapohifadhiwa maandishi hayo huitwa hazina ya kidijitali, na hazina nyingi za vyuo vikuu duniani huendeshwa kwa programu ya DSpace, iliyotengenezwa na chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 2002 na kutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuitumia.

Jambo hili si geni wala si la nchi tajiri peke yake. Chuo cha Virginia Tech cha Marekani kilianza kuwalazimisha wanafunzi wake kukabidhi tasnifu kwa njia ya kielektroniki mwaka 1997, na miaka michache tu baadaye Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Afrika yenye makao yake Accra ilianzisha DATAD, mradi wa kukusanya taarifa za tasnifu za Kiafrika ambao ulihusisha vyuo kama Makerere na Dar es Salaam. DATAD ilijikita katika majina ya tasnifu na muhtasari wake, si matini kamili, na hapo ndipo ilipokuwa na upungufu, kwa kuwa msomaji aliyeona jina zuri la tasnifu iliyoko Addis Ababa au Harare alibaki na hamu yake. Tangu hapo mambo yamesonga mbele. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hazina kubwa iliyo wazi, Makerere ina yake, Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi saba za umma, nacho kina yake, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeweka mtandaoni tasnifu nyingi zilizoandikwa kwa Kiswahili chenyewe, kiasi kwamba mwalimu wa Kiswahili wa Gisenyi, ambaye lugha anayoifundisha ilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, anaweza leo kusoma kwenye simu yake uchambuzi mzima wa riwaya uliotetewa Dar es Salaam. Hana uwezo huohuo kuhusu kazi iliyotetewa mtaa wa pili.

Ziwa Kivu linaonyesha vizuri zaidi kuliko kitu kingine chochote matokeo ya hali hii. Inajulikana kwamba ziwa hilo lina kina kinachokaribia mita 480, kwamba chini yake mna takriban mita za ujazo bilioni 60 za methani na bilioni 300 hivi za kaboni dayoksaidi, na kwamba gesi hizo zikitibuka ghafla zinaweza kuua watu kwa namna ile iliyotokea Ziwa Nyos nchini Kamerun usiku wa Agosti 21, 1986, watu wapatao 1,700 walipokufa. Kiwanda cha bia cha Bralirwa cha Gisenyi kiliwahi kutumia methani ya ziwa hilo tangu miaka ya 1960, na mtambo wa Shema Power uliojengwa wilayani Rubavu umekusudiwa kuzalisha megawati 56 kutokana na gesi hiyo. Elimu ya tabaka za maji, chumvi na gesi imejengwa kwa kiasi kikubwa na watafiti wa Uswisi na Ubelgiji pamoja na wenzao wa Rwanda na Kongo, na tasnifu za uzamivu zilizotetewa Zürich kuhusu Kivu zinaweza kupakuliwa bure na mtu yeyote aliyekaa ufukweni Gisenyi. Lakini akitaka kujua wavuvi wa sambaza, samaki aliyeletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanavyogawana mapato ya usiku mmoja wa uvuvi, au vyama vya ushirika vya wavuvi vinavyokopa na kulipa, atakuta kwamba waliolishughulikia swali hilo ni wanafunzi wa hapahapa na kazi zao zimefungiwa. Kwa hiyo msomaji wa kawaida ana njia rahisi zaidi ya kujua kilichoko mita 400 chini ya maji kuliko kilichoko kwenye mchanga wa ufukwe anapokanyaga.

Kinachofunguliwa hunukuliwa, na kinachonukuliwa huwa msingi wa sera. Benki ya Dunia ilipotoa mwaka 2011 andiko fupi kuhusu wanawake wafanyabiashara wadogo katika mipaka ya Maziwa Makuu na hatari wanazokumbana nazo, andiko hilo, kwa kuwa lilipatikana bure, lilirudiwa katika ripoti za mashirika, makala za magazeti na mipango ya miradi kwa miaka mingi, na kwa kweli lilistahili. Mwanafunzi aliyekaa miezi mitatu kwenye mpaka huohuo, anayejua Kinyarwanda na Kiswahili cha Goma, anayefahamu nani hupokea mzigo wa nani upande wa pili, alitoa andiko lenye makosa ya takwimu pengine, lakini lenye majibu ambayo mtafiti mgeni mwenye wiki mbili hawezi kuyapata. Naye hakunukuliwa na mtu. Matokeo yake ni kwamba wafanyabiashara wa Petite Barrière wamehojiwa mara nyingi mno kwa maswali yaleyale, kwa sababu kila mradi mpya huanza kana kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.

Wanafunzi wenyewe walishaonyesha msimamo wao zamani. Kwa miaka mingi tovuti ya kibinafsi ya Kifaransa iitwayo Memoire Online imekuwa ikipokea tasnifu kutoka nchi zinazotumia Kifaransa, na humo zimo kazi nyingi za Rwanda na za mashariki mwa Kongo, zikiwemo za ULK, ambazo waandishi wake walizipandisha kwa hiari yao. Ni jambo la kutia moyo na la kuaibisha kwa wakati mmoja, kwa kuwa hazina inayohifadhi kumbukumbu ya kitaaluma ya eneo hili ni tovuti yenye matangazo ya biashara, isiyo na wajibu wowote kwa Gisenyi wala Goma, na ambayo mmiliki wake akiamua kuifunga hatadaiwa maelezo. Isitoshe, kilichomo ni kile tu ambacho mwandishi alikumbuka kukipandisha, bila uthibitisho wa jopo na mara nyingine bila kurasa zenye majedwali.

Hapo ndipo inapofaa kutazama kwa karibu namna tasnifu inavyopotea, maana wengi hudhani kwamba tatizo ni la karatasi za zamani. Tangu katikati ya miaka ya 2000 karibu kila tasnifu imeandikwa kwa kompyuta, kwa hiyo ilizaliwa ikiwa faili. Faili hilo hukaa kwenye flashi ya mwanafunzi na kwenye kompyuta ya duka la kuchapisha lililo karibu na chuo, ambako kijana wa duka hupanga pambizo, huweka namba za kurasa, hutoa nakala nne au tano na kuzipeleka kwa mfungaji majalada. Flashi hupotea au huingia virusi. Kompyuta ya duka hubadilishwa, au hubaki na mamia ya mafaili ambayo baadaye huuzwa kwa wanafunzi wavivu kama mitaji ya kuanzia. Chuo hubaki na karatasi. Miaka 15 baadaye chuo hichohicho kikitaka hazina ya kidijitali hulazimika kulipia kuskani, ukurasa kwa ukurasa, kitu ambacho siku ya utetezi kilikuwa tayari ni faili la megabaiti mbili mfukoni mwa mwanafunzi aliyesimama mbele ya jopo. Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa taasisi kukinunua tena kile ilichokitupa.

Kwa kazi za kabla ya hapo, na kwa zile ambazo mafaili yake hayapatikani tena, kuskani hakukwepeki, na ni kazi ya mikono yenye taratibu zake. Kitabu kilichofungwa kwa gundi hakifunguki vizuri kwenye skana ya kawaida ya ofisini, herufi za upande wa mshono huingia kivulini, hivyo ama mgongo hukatwa kwa mashine ili karatasi zipite moja moja kwenye skana inayojilisha yenyewe, ama hutumika kamera iliyoning'inizwa juu ya kitabu kilicholazwa kwenye kitanda chenye umbo la V. Picha hupigwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, kisha programu ya kutambua herufi hupitishwa juu yake ili maneno yaweze kutafutwa, na hapo Rubavu ina shida yake ya pekee, kwa sababu ukurasa mmoja wa memwari unaweza kuwa na Kifaransa katika maelezo, Kinyarwanda katika hojaji na Kiswahili katika majibu ya wafanyabiashara, na programu iliyoelekezwa kusoma Kifaransa peke yake huyavuruga majina ya Kinyarwanda na ritifaa zake. Mtu lazima apitie angalau jalada, muhtasari na yaliyomo kwa macho. Mwishoni faili huhifadhiwa katika muundo wa PDF ulioandaliwa kwa kumbukumbu za muda mrefu, na hupewa kitambulisho cha kudumu, yaani anwani isiyobadilika hata tovuti ya chuo ikihamishwa.

Ukubwa wa kazi hiyo huogopwa kupita kiasi. Ikichukuliwa kwa mfano kampasi inayohitimisha wanafunzi 400 kila mwaka, kila mmoja na tasnifu ya kurasa 80, basi miaka 20 ni tasnifu 8,000 na kurasa 640,000. Wafanyakazi wawili wenye skana moja nzuri, wakitoa kurasa 1,800 kwa siku, watazimaliza kwa siku za kazi zisizofika 360, yaani mwaka mmoja na nusu hivi, na mafaili yote, yakikadiriwa megabaiti 10 kila moja, yatajaa gigabaiti 80, ambazo huingia kwenye diski inayotosha mfuko wa koti. Rwanda imekwisha kujaribu mzigo mkubwa kuliko huo: kumbukumbu za mahakama za kijamii za Gacaca, zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari na kufunga kazi rasmi Juni 2012, zinakadiriwa kufikia kurasa milioni 60, nazo ziliingizwa katika mpango wa kuskaniwa. Nchi iliyoweza kubeba jambo hilo, lenye uzito wa kimaadili usiolinganishwa na wa tasnifu, haiwezi kusema kwamba asilimia moja ya kurasa hizo inaishinda.

Karatasi nazo hazisubiri. Moto wa Septemba 20, 2020 uliteketeza jengo kuu la Makerere pamoja na kumbukumbu zilizokuwamo, na moto wa Aprili 2021 ulichoma sehemu ya maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Rubavu na Goma zina hatari zao wenyewe: lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma Januari 2002, mlipuko wa Mei 22, 2021 ulifuatiwa na mitetemeko iliyopasua kuta za nyumba mjini Gisenyi, na mafuriko ya Mei 2023, mto Sebeya ulipovunja kingo, yalikuwa sehemu ya maafa yaliyoua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Kuna pia kifo cha aina nyingine, cha chuo chenyewe. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ya Rwanda iliagiza kufungwa kwa Chuo Kikuu cha Kibungo na kwa Christian University of Rwanda, na chuo kinapofungwa kila mtu huuliza kuhusu vyeti, mishahara na majengo, huku rafu za tasnifu zikiwa jambo la mwisho kukumbukwa. Kazi zinazohifadhiwa mahali pamoja tu hufuata hatima ya mahali hapo.

Lakini kosa hilohilo linaweza kufanywa kidijitali. Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilikuwa na huduma iitwayo EThOS, iliyowapa wasomaji njia moja ya kufikia tasnifu za uzamivu za vyuo vya Uingereza, na shambulio la kimtandao la Oktoba 2023 liliiangusha pamoja na huduma nyingine nyingi za maktaba hiyo. Tasnifu zilizoendelea kusomeka ni zile ambazo vyuo vyake vilikuwa na nakala kwenye hazina zao wenyewe. Kwa kampasi ya Gisenyi hii ina maana kwamba nakala moja ikae chuoni, ya pili katika seva ya Kigali, na ya tatu mahali pengine kabisa kupitia mitandao ya elimu ambayo tayari ipo, kama UbuntuNet Alliance inayounganisha mitandao ya vyuo vya mashariki na kusini mwa Afrika.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote, nalo ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini baada ya kikao, ni kwamba tasnifu nyingi za shahada ya kwanza ni dhaifu na kuzianika ni kukianika chuo. Ni kweli kwamba ni dhaifu. Sura ya pili mara nyingi ni msururu wa nukuu zilizounganishwa kwa gundi, sampuli ni watu 60 waliopatikana kwa urahisi, na mapendekezo huishia kwa serikali iongeze juhudi. Hata hivyo udhaifu huo umelelewa na giza: mwanafunzi anayejua kwamba kazi yake itasomwa na watu watatu, mmoja wao akiwa amelala, huandika kwa ajili ya hao watatu, na msimamizi anayejua kwamba jina lake kwenye jalada halitaonekana nje ya rafu hana sababu ya kurudisha rasimu mara ya nne. Wizi wa maandishi, ule wa kunakili kazi ya mwingine na kuiita yako, hustawi pale ambapo kazi iliyonakiliwa haiwezi kutafutwa. Wanaohofia kwamba kufungua tasnifu kutarahisisha wizi wanasahau kwamba soko la nakala katika maduka ya kuchapisha linaendelea bila mtandao, na kwamba andiko lililo wazi ndilo pekee ambalo programu ya kulinganisha matini, au mwalimu mwenye kumbukumbu nzuri, anaweza kulitumia kumkamata mwizi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na halijibiwi kwa kejeli. Viambatisho vya tasnifu, hasa za sosholojia, sheria na maendeleo ya jamii, mara nyingi hubeba majina ya waliohojiwa, namba za simu, vijiji vyao, na pengine picha. Mwanamke aliyemweleza mwanafunzi mwaka 2009 namna anavyopitisha bidhaa bila kulipa ushuru, au manusura wa mauaji ya kimbari aliyesimulia mambo yake kwa kijana aliyemwamini, alikubali kusikilizwa na mtu mmoja, hakukubali kutafutwa kwa jina lake kwenye Google na jirani. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi inaipa hofu hiyo nguvu ya kisheria, lakini hata bila sheria heshima ingetosha. Njia inayofaa si kufunga kila kitu bali kugawa: jina la tasnifu, mwandishi, mwaka, msimamizi na muhtasari vya kila kazi viwe wazi mara moja, matini kamili yafuate baada ya mkutubi kupitia viambatisho na kuondoa au kuficha vinavyomtambulisha mtu, na kazi zinazogusa ushuhuda wa mauaji ya kimbari au ukatili wa kijinsia zisomwe ndani ya maktaba tu, kwa maombi, hadi ziangaliwe na watu wenye ujuzi wa jambo hilo. Utaratibu huo utachelewesha mambo, na ni ucheleweshaji wa halali.

Kuhusu hakimiliki hapahitaji maneno mengi. Mwandishi wa tasnifu ni mwanafunzi, si chuo, na chini ya Mkataba wa Berne, ambao Rwanda na Kongo zimo, haki yake hudumu maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo. Kwa kazi mpya fomu moja ya ruhusa, yenye nafasi ya kuomba kizuizi cha muda cha mwaka mmoja au miwili kwa anayetaka kuchapisha kitabu au kulinda uvumbuzi, inamaliza suala. Kwa kazi za zamani ambazo waandishi wake wametawanyika, Waingereza walitumia njia ya kuskani kwanza na kuondoa mara mwandishi anapolalamika, na hakuna dalili kwamba wahitimu wa Gisenyi watakuwa wakali zaidi. Wengi wao, kama Memoire Online inavyoshuhudia, watafurahi kwamba mtu amekumbuka.

Mazoea ya elimu kuhusu hapa kubaki mikononi mwa wachache yana historia ndefu katika nchi hii. Mwanazuoni Mnyarwanda Alexis Kagame alipoandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda, aliitetea Roma na ikachapwa Brussels mwaka 1956, na kwa miongo mingi Mnyarwanda aliyetaka kuisoma alitegemea nakala chache zilizokuwa mikononi mwa maktaba na mapadri. Elimu kuhusu Rwanda imezoea kusafiri nje ndipo irudi. Tasnifu za Gisenyi hazikusafiri popote, na pengine hiyo ndiyo bahati yake, kwa sababu kuzifungua hakuhitaji kumwomba mtu wa Ulaya chochote.

Ushirikiano na Goma ni mgumu zaidi kuusemea wakati huu. Tangu mapigano yaliyoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, mambo mengi ya pande mbili za mpaka yamekuwa ya kisiasa, hata yale ambayo kwa tabia yake hayana siasa. Lakini memwari ya Goma kuhusu soko la Birere na tasnifu ya Gisenyi kuhusu Petite Barrière zinazungumzia watu walewale asubuhi ileile, na anayesoma moja bila nyingine anaona nusu ya biashara. Orodha ya pamoja ya majina na muhtasari, inayotumia vipengele 15 vya mfumo wa kuorodhesha machapisho wa Dublin Core ambao DSpace huutambua bila marekebisho, haihitaji mkataba kati ya serikali. Inahitaji wakutubi wawili wanaobadilishana mafaili.

Lakini kuna kazi moja ambayo isipofanywa mwanzoni itaharibu yote, nayo ni ya majina ya mahali. Marekebisho ya utawala ya mwaka 2006 yaliunda wilaya za sasa, hivyo tasnifu ya mwaka 1988 inazungumzia Prefektura ya Gisenyi na komini zake, kama Kanama, Rwerere, Nyamyumba na Mutura, wakati tasnifu ya mwaka 2012 inazungumzia Wilaya ya Rubavu katika Jimbo la Magharibi. Anayetafuta kwa neno Rubavu hataziona nyingi za kwanza, na mbaya zaidi ataona zile zinazomdanganya, kwa sababu Rubavu ya zamani ilikuwa komini moja tu miongoni mwa komini kadhaa za Gisenyi, yenye eneo dogo kuliko wilaya inayobeba jina hilo leo, na idadi ya kaya au mavuno ya viazi yaliyoandikwa kwa ajili ya komini hiyo hayawezi kuwekwa kando ya takwimu za wilaya kana kwamba ni mahali pamoja. Vivyo hivyo mji wa Kibuye umekuwa Karongi, wa Ruhengeri umekuwa Musanze na wa Butare umekuwa Huye. Jedwali linalooanisha majina ya zamani na mapya, likionyesha komini ipi imeingia katika tarafa zipi za leo, ni kazi ya wiki chache kwa mkutubi akisaidiwa na mzee aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya komini, nalo linapaswa kuwa tayari kabla faili la kwanza halijapandishwa, kwa kuwa kulisahihisha baadaye ni kuzifungua upya rekodi zote.